Gudulia Jeupe Kutoka Metaponti

*Athene, mtaa wa wafinyanzi*
*Mwezi wa Munikhioni, meli zimeanza kuvuka tena*

Euphron,

Miguu umekatwa? Kama hujakatwa, niambie ni kitu gani kinakuweka huko Metaponti mpaka leo. Ulisema, "Bibi, naenda mavuno mawili tu ya zabibu, narudi." Nimekaa hapa nikaona zabibu zikichumwa, zikachumwa tena, na tena, mpaka nimeacha kwenda kuangalia. Jirani yetu Lykinos, anayeniandikia haya, ananikunjia uso. Anasema barua huanza kwa salamu. Nimemwambia salamu zangu nampa anayekuja kunisalimia.

Andika, Lykinos, acha kucheka.

Habari za hapa ndizo hizi. Napika dengu za watu wawili kwa sababu mkono wangu haujajifunza. Zangu nakula, zako nafunika, asubuhi nampa punda wa mwenye tanuri. Punda amenenepa. Nazungumza na mtambo wa kufumia, na siku nyingine naunyamazia kwa makusudi ili nao uone inavyouma.

Macho yananiaga. Lykinos ameniletea kikombe kipya kutoka kwenye tanuri lao, eti nione kazi nzuri: askari wawili wameinamia ubao wanacheza dadu, mikuki mabegani. Nikakigeuza huku na huku. Nilichoona mimi ni moshi juu ya tofali. Ilibidi yeye aniambie ni askari. Nikamuuliza, "Na hao wakiwa wamezama kwenye dadu, zamu anashika nani?" Akaninyang'anya kikombe chake.

Halafu baharia mmoja wa Pireo amenipa habari iliyonichoma. Anasema kila meli zikianza safari wewe unarusha vifupa vyako vya kondoo kama dadu. Vikianguka vizuri utakuja, vikianguka vile vibaya mnavyoviita Mbwa, utabaki. Na kila mwaka, eti, Mbwa. Mwanamume mzima na ndevu zako! Unauliza kifundo cha kondoo kama uje kumwona bibi yako! Kondoo mwenyewe alikuwa hajui njia ya zizini.

Mama yako alikufa akikuzaa, baba yako alibaki vitani, ndugu huna, na mimi sina mwingine. Nikifa leo atakayenifumba macho ni Lykinos, na mikono yake daima ina udongo. Njoo. Sisemi uje ukae. Njoo nikuone, kisha kama ni kwenda, uende.

Bibi yako Philinna
*(kwa mkono wa Lykinos, ambaye anaapa alinawa)*

&nbsp;

*Metaponti, kwenye karakana ya fundi Aristeas*
*Mwezi wa Thargelioni*

Bibi, shikamoo.

Baharia hakusema uongo. Ninarusha. Nikirusha na wakaja Mbwa, basi siyo mimi niliyekataa kurudi, ni wao. Ukikasirika, una haki.

Nilipoondoka niliwatambia vijana wote wa mtaani kwamba nitarudi fundi mkuu, wenye matanuri watanigombania. Bibi, mimi bado ni mtu wa kujaza weusi pembeni mwa picha za Aristeas. Picha ninazoachiwa nichore mwenyewe ni za wacheza kamari. Wenyeji wa huku wanazipenda kuliko miungu. Mtu anakunywa divai yake, akifika chini ya kikombe anakutana na jamaa anayerusha dadu, wote mezani wanacheka. Nimewachora wanaoshinda na wanaoshindwa mpaka nimegundua kwamba nyuso zao ni zilezile. Tofauti iko mikononi. Aliyeshindwa hajui aiweke wapi.

Nimechoka kuchora wanaoshindwa. Kwa hiyo nimekuchora wewe.

Ni gudulia dogo la mafuta. Nimelipaka udongo mweupe mwili mzima ili macho yako yasisumbuke, maana juu ya weupe hata rangi dhaifu inaonekana. Mtandio wako nimeupaka wekundu wa kweli. Mimi nimekaa chini, wewe umesimama mbele yangu umenyoosha mkono, kama tulivyokuwa tukicheza uani, kwa kuwa magoti yako hayakukubali kukaa na wewe hukukubali kuacha mchezo. Vifupa viko hewani kati yetu. Havijaanguka bado, kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Sijawahi kuchora kitu nikakipenda namna hii.

Gudulia atalileta Mnason mfanyabiashara, ambaye ana mizigo ya kukusanya kwanza. Barua hii naituma mapema kwa muuza bati anayeondoka leo, ili ukilipokea ujue ni nini.

Kuhusu kuja, nipe mwaka mmoja. Safari hii nasema kweli.

Mjukuu wako, Euphron

&nbsp;

*Athene, mtaa wa wafinyanzi*
*Mwezi wa Boedromioni, siku ya kuwakumbuka waliokufa imepita juzi*

Kwako Aristeas, fundi wa Metaponti,

Mimi ni bibi wa Euphron. Hatujuani, lakini kijana wangu amekula kwako na amelala kwako, kwa hiyo nakusalimu kama jamaa.

Gudulia nimelipata. Mpagazi wa Mnason aliliweka kizingitini, akasema, "Kutoka Metaponti, kwa mama Philinna," akaenda zake. Neno lingine hakuna. Halikuwa lazima. Hata macho yangu haya, ambayo siku hizi hayatofautishi paka na mto, yaliona kwamba ni jeupe. Hapa kwetu gudulia jeupe halipelekwi popote ila kaburini. Nikaenda nalo mwangani. Kijana amekaa, mwanamke amesimama mbele yake ananyoosha mkono na hamfikii. Kila mtu mtaani kwetu anajua kwamba kwenye magudulia haya aliyekaa ndiye marehemu, na aliyesimama ndiye aliyebaki.

Nakushukuru kwa kuliandaa vizuri namna ile. Mwingine angemtuma baharia aje anipigie kelele mlangoni. Wewe umempaka rangi, ukamwekea hata vifupa vyake.

Sasa nijibu haya, wala usinifiche kwa kunihurumia, mimi nimezika wengi. Aliugua, au ni ajali? Nani alimwogesha? Aliogeshwa na mwanamke au waliachiwa wanaume wa karakana, ambao hata kikombe hawajui kukiosha? Aliita mtu? Kama aliita jina langu usiniambie. Au niambie. Sijui. Andika utakavyoona.

Nitumie mifupa yake. Ifunge kwenye kitambaa cha sufu, siyo kitani, alikuwa mtu wa baridi tangu mtoto. Nafasi ipo kando ya babu yake, nje ya lango, njiani.

Nitangoja mpaka meli ya mwisho kabla ya dhoruba. Zaidi ya hapo siwezi kumwacha nje. Mtu asiyezikwa hana pa kukaa huku wala huko, na huyu amekaa ugenini vya kutosha.

Philinna
*(Nimeandika mimi Lykinos. Ndiye mimi niliyemfundisha Euphron kushika burashi. Tafadhali jibu upesi, bibi yake hali chakula.)*

&nbsp;

*Metaponti*
*Mwezi wa Elaphebolioni, kwa meli ya kwanza kabisa*

Bibi! Bibi yangu! Ni mimi. Ni Euphron, nina pumzi, nina njaa, nina kidole kilichoungua kwenye tanuri. Lykinos, msomee pole pole, mkalishe kwanza.

Barua uliyomwandikia Aristeas ilifika bahari ikiwa imefungwa. Alinisomea mwenyewe, akanishika bega. Nikakimbia bandarini. Meli zote zilikuwa zimevutwa nchi kavu, zimefunikwa. Nikamwomba kila nahodha. Mmoja akaniambia, "Kijana, ukitaka kwenda kumwambia bibi yako hujafa, usife njiani." Majira yote ya baridi nimekuwa maiti kwako na sina namna ya kukuita. Nilikuwa nakwenda pwani kila siku nakaa pale kama mjinga. Nikila, nafikiri wewe huli. Nikicheka kidogo na wenzangu, nakumbuka kwamba huko nyumbani unanililia, kicheko kinakauka.

Muuza bati aliyebeba barua yangu nimesikia alikwenda Sisilia kwanza. Angefika kwako kabla, ungejua. Lile gudulia ni mimi niliyelichora. Nilikaa chini kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikikaa! Ulisimama kwa sababu ya magoti! Weupe ni kwa ajili ya macho yako!

Huku hawaziki na magudulia meupe, Bibi. Wanawekea mafuta, wanawekea marashi, hakuna anayeshtuka. Nami nikasahau. Nimezaliwa mtaa wa wafinyanzi, nimekuwa nikiyapita yale magudulia makaburini kila siku ya utoto wangu, nikasahau. Kusahau huko kunanitisha kuliko dhoruba. Nikikaa huku zaidi sijui nitasahau nini kingine.

Naja. Safari hii sirushi chochote.

Jambo moja nakuomba unijibu: ulisema utangoja mpaka meli ya mwisho. Niambie ulingoja. Niambie hukunizika.

Euphron wako, mzima

&nbsp;

*Athene*
*Mwezi wa Munikhioni*

Mwanangu, roho yangu, mpumbavu wangu,

Lykinos aliposoma "nina pumzi" nilimpiga kofi. Nilidhani ananifanyia mzaha. Akasoma tena, nikampiga tena, halafu nikambusu mpaka akaona haya. Bamba la madini ya risasi uliloniandikia barua nalilalia. Limeniacha alama shavuni.

Lakini usije bado.

Paa linavuja. Na mtaani kuna ugonjwa wa tumbo. Na wanasema upepo wa mwaka huu si mzuri, upepo wa kuzamisha watu. Kaa kwanza. Kula vizuri. Je, wenzako huko wanakula na wewe sahani moja bila tatizo? Hakuna anayesogea ukimkaribia? Nauliza tu.

Nitakuandikia ukifika wakati wa kuja. Usinikasirikie.

Bibi yako

&nbsp;

*Metaponti*
*Mwezi wa Thargelioni, mwishoni*

Bibi,

Nilikuuliza jambo moja, ukanijibu habari za paa.

Umeniita miaka yote hiyo. Umenitukana, umenitania, umemnenepesha punda kwa dengu zangu. Sasa nimefunga mzigo, nimemuaga Aristeas, vifupa vyangu nimevitupa baharini ili visinishawishi, ndipo unaniambia kuna ugonjwa wa tumbo. Bibi, lini uliogopa tumbo?

Nimeketi na barua yako nikafikiri mengi. Labda chumba changu umempa mtu. Labda umenililia mpaka machozi yakaisha, na sasa umezoea, na mtu akishazoea, anayerudi ni usumbufu tu. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuzoeza. Ila niambie kwa mdomo wako, usinipe paa.

Sitakuja mlangoni kwako bila kuitwa. Nitangoja jibu mpaka zabibu za huku ziive. Lisipofika, nitajua, na nitamwambia Aristeas kwamba nabaki moja kwa moja. Anataka kunioza binti wa ndugu yake. Ni msichana mzuri, anaongea kama watu wa huku, na watoto wake wataongea hivyo hivyo.

Euphron

&nbsp;

*Athene*
*Mwezi wa Hekatombaioni, siku za kwanza*
*Kwa meli yoyote iendayo upesi*

Euphron,

Mwambie Aristeas angoje. Binti wa ndugu yake naye angoje. Nyamaza usome.

Nilikuzika.

Nilingoja meli ya mwisho kama nilivyosema. Ilifika ikiwa na ngozi na jibini, mifupa haikuwamo. Anga likawa jeusi, nikasema basi, mtoto wangu hatalala nje majira ya baridi. Nikatandika kitanda, nikalaza lile koti lako la zamani, miguu ikielekea mlangoni. Nikakata nywele. Wanawake wa mtaa walikuja wote, hata Krobyle wa jirani na tumbo lake la miezi ya mwisho. Wao walilia vizuri sana. Mimi nikawa nakunja lile koti na kulikunjua. Tukalipeleka koti nje ya lango, tukalilaza kando ya babu yako, tukafukia. Chakula cha siku ya tatu nilipeleka, cha siku ya tisa nilipeleka. Majira yote ya baridi nilikuwa nakwenda kukaa na wewe pale, kwenye baridi, nakusimulia nani amegombana na nani. Wewe ulikuwa umekaa pwani ya kwako. Tulikuwa tunangojana, mmoja huku, mmoja kule, kama wehu wawili.

Na gudulia lako, mwanangu, lile ulilonipakia weupe nione, lipo chini ya ardhi na koti. Nililitazama jioni moja tu. Mtandio niliuona, ulikuwa mwekundu kweli. Siwezi kulifukua, kilichopewa kaburi ni cha kaburi. Hilo ndilo linalonitesa kila nikifumba macho.

Sasa sikia kwa nini nilikukataza. Siku nilipopata habari zako nilitoka mbio nikamtangazia kila mtu. Mume wa Krobyle akaniambia, "Mama, tunafurahi. Lakini huyo amezikwa. Mtu aliyezikwa hapiti mlangoni kwa watu. Hagusi madhabahu, hali na wenzake." Na wengine wakaitikia kwa vichwa, watu waliokula chakula cha matanga yako! Nikawatukana wote, lakini nilijua ni kweli, ndivyo tulivyokuta. Nikakuona akilini unafika na mzigo wako, mtaa mzima unafunga milango, mama mtu anamwondoa mtoto njiani. Na aliyekufanya hivyo ni mimi. Nikaona heri ubaki huko unanuna kuliko uje uone hayo. Chumba chako hakuna aliyelala. Kuzoea! Nikizoea nitakuwa nimekufa mimi.

Basi nimekuwa nahangaika. Lykinos alinikokota mpaka kwa mzee mmoja mtunza hekalu, kiziwi, tukampigia kelele mpaka akaelewa. Akasema dawa ipo. Zamani mtu mmoja alirudi baada ya kuzikwa, akaenda Delfi kumuuliza mungu, akaambiwa: mtu aliyekwisha kufa hana budi azaliwe upya. Si kwa maneno, kwa kutendewa. Wanawake wamwogeshe kama mtoto mchanga, wamfunge nguo za mtoto, anyonyeshwe, azungushwe kwenye meko ya nyumba, apewe jina. Baada ya hapo ni mtu kama watu, anakula na yeyote.

Kwa hiyo nakuzaa mimi. Uzee huu! Lykinos hapa anacheka mpaka herufi zinapinda, ukishindwa kusoma ujue ni yeye.

Maji nitachota mwenyewe chemchemi. Nguo za kukufungia nimefuma. Nilizifuma kwa kupapasa maana macho hayapo, kwa hiyo usitazame mishono. Krobyle ananyonyesha, na amekubali. Utagusa kwa mdomo tu, usione haya, mumewe ameahidi kutazama ukuta. Kukubeba kuzunguka meko siwezi, magoti unayajua, na wewe una mwili wa mlipa nauli. Utatambaa, mimi nitakushika kisogoni. Siku ya kumi nitakupa jina, lilelile, usiniletee jina la Kimetaponti.

Na shada la mzeituni nimeshalitundika mlangoni, kama wanavyotundika penye mtoto wa kiume. Wapita njia wanauliza nani amejifungua humu. Nawajibu, "Bado. Ana uchungu tu."

Sasa shika maagizo, usikosee hata moja. Ukishuka Pireo usipite njia ya makaburi, usije ukasoma jina lako pale. Zunguka kwa upande wa mto. Njoo mchana, mtaa wote uone. Usimsalimie mtu yeyote hata akikuita, hujazaliwa bado. Ukifika mlangoni weka mzigo chini, vua viatu, keti nje.

Na usibishe hodi, Euphron. Mtoto mchanga habishi hodi. Lia tu, kwa sauti, nitatoka.

Bibi yako Philinna